Pua ya Ngamia na Figo ya Mama

Mama alinipa figo yake moja, akaona hiyo inampa ruhusa ya kuingilia kila kitu changu, kuanzia chumvi hadi saa ya kulala. Yeye ni mfugaji wa Hulugho. Mimi ni karani Garissa, mtu wa kukaa kitini, na kwa maoni yake figo zangu zilikufa kwa uvivu.

Kabla ya upasuaji kule Nairobi, daktari alijitahidi sana kutueleza dawa ya dripu. Ni kingamwili, alisema, imetengenezwa maabara, ya aina moja tu. Inazishika seli T, askari wa mwili wanaotambua kitu kigeni, ili wasiishambulie figo mpya. Alichora mishale mpaka karatasi ikajaa. Nikamtafsiria mama kwa Kisomali, nikijikwaa kila neno.

"Mnamziba ngamia pua," akasema, akarudi kwenye tasbihi yake.

Ikabidi nimweleze daktari. Ngamia aliyefiwa na ndama, ukimletea yatima, atamnusa kisha amtandike teke. Basi wachungaji humziba pua siku kadhaa, ndama anyonye, wazoeane. Daktari aliutazama mchoro wake kwa huzuni.

Tatizo ni kwamba pua ya ngamia huzibuliwa. Nilipewa dripu mara mbili tu, kisha vidonge vya kumeza maisha yangu yote. Wiki ya sita, tukiwa nyumbani Garissa, vidonge vikatoweka. Nilipekua nyumba nzima, jasho linanitoka. Mama amekaa mkekani anakunywa chai.

"Nimeviweka. Ndama ameshanyonya," akasema. "Halafu hiyo figo si yatima, ni yangu. Nimekubeba miezi tisa, leo mwili wako uninuse kama mgeni?"

Wallahi niliogopa, na kicheko kikanitoka hapo hapo. Nikampigia daktari, nikaweka spika. Akamwambia, kwa Kiswahili cha polepole, kwamba ngamia huyu hatazoea kamwe; ukimzibua pua, hata mwaka wa kumi, teke liko palepale, na figo inaweza kufa.

Mama aliweka kikombe chini. Akainuka kidogo, akatoa vidonge chini ya mkeka aliokalia, akanisukumia. Kisha akaisogelea simu.

"Daktari, hii ikikataliwa, ile nyingine mtaitoa siku gani? Niambie mapema, nitafute tena mtu wa kuchunga mbuzi."

Sikungoja jibu la daktari. Nilimeza vidonge bila maji.