Oddvar Nje ya Gari

Sheria ya nyumba ya kulelea vijana ilikuwa fupi: mtu mzima havuki mlima na kijana mmoja wakiwa wawili tu garini. Apatikane mfanyakazi wa pili, la sivyo safari iahirishwe. Kwa miaka mingi Oddvar Tveitane ndiye aliyewasomea wafanyakazi wapya sheria hiyo, na kila mara aliongeza kwamba inamlinda mtoto na inamlinda mkubwa vilevile.

Asubuhi moja ya Februari mwenzake wa safari alipiga simu kusema anatapika. Jorunn, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa amesubiri tangu vuli kumwona daktari wa meno ng'ambo ya mlima. Oddvar angeweza kumuuliza Gunnvor, mkuu wa nyumba. Hakumuuliza, kwa sababu alijua jibu. Alifunga mikate ya jibini ya kahawia kwenye karatasi, akachukua funguo, wakaondoka.

Kwenda hakukuwa na shida. Walipokuwa wakirudi upepo ulikuwa umechachamaa, na magari yalipangwa nyuma ya gari la kusukuma theluji ili yavuke kwa msafara. Mfanyakazi wa barabara, mwanamke mwenye koti la manjano, aligonga dirisha.

"Mafuta yanatosha? Nguo za joto mnazo?"

"Tunazo."

"Fuata taa za aliye mbele yako. Msafara ukisimama, simama. Na usitoke garini, hata iweje."

"Mlima huu nimeuvuka kabla hujazaliwa."

"Hata wale tuliowachimbua thelujini walisema hivyohivyo," akajibu, akaenda kwenye gari la nyuma.

Juu kabisa msafara ulisimama. Taa za mbele zilififia, zikapotea. Theluji ikapanda milangoni, madirisha yote yakawa meupe, na simu haikushika mtandao. Oddvar alizima injini, akafungua kioo upenyo mdogo wapate hewa, akakifunga tena. Gari lilikuwa dogo. Alisikia Jorunn akitafuna, alisikia mpaka pumzi zake.

"Wee Oddvar, mbona umejibanza mlangoni? Nanuka?"

"Nimekaa tu."

"Umekaa kama unangoja kung'olewa jino. Aliyeng'olewa ni mimi, bwana!" Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana mwingine bado ulikuwa na ganzi. "Hivi unajua nikifika nikasema umenishika paja, umekwisha? Hapa hatuna shahidi, hata kunguru."

"Hayo si ya kufanyia mzaha."

"Ndiyo maana yanachekesha. Jitazame uso!"

Oddvar hakucheka. Wapo watu wazima waliowashika watoto kweli, na yeye mwenyewe aliwafundisha wenzake kwamba mtoto anayesema neno kama hilo asikilizwe kwanza. Kwa hiyo Jorunn akisema, atasikilizwa. Nani atamsikiliza Oddvar, aliyeondoka peke yake bila kumwambia mkuu wake? Akibaki garini, kila dakika inaongeza mashaka. Akitoka, anavunja amri ya mlima. Kazi yake yote ilikuwa imefungiwa ndani ya milango ile minne.

"Naenda gari la nyuma," alisema. "Naomba mtu mzima aje akae nasi."

"Yule mama si kasema usitoke? Oddvar! Nilikuwa natania!"

Alikwisha kusukuma mlango. Hatua chache tu, na gari lake halikuonekana tena, wala la nyuma. Upepo ulimwangusha na kumpokonya glavu ya mkono wa kulia. Alirudi kwa kutambaa, akapapasa mpaka akashika kitasa. Hapo angeweza kuingia. Hakuingia. Alisimama akiegemea mlango, mkono mtupu ukiwa umeng'ang'ania chuma, na kioo kikiwa kati yake na msichana.

Jorunn aligonga kioo kwa ngumi. "Ingia, mjinga wewe! Utakufa! Ingia, sisemi kitu, naapa!" Oddvar alitikisa kichwa. Baadaye msichana akaacha kugonga, akajikunja kitini, akalia peke yake.

Gari la theluji liliporudi, mwanamke wa koti la manjano alimbandua pale mlangoni.

"Ulikuwa unatafuta nini nje, mtu mzima na akili zako?"

"Shahidi," akasema Oddvar, midomo ikimtetemeka.

Walipofika nyumbani, Gunnvor alimsikiliza Jorunn mbele ya mfanyakazi mwingine.

"Hajanigusa," alisema msichana. "Hata kukaa na mimi hakutaka. Aliona afadhali agande. Mimi nina ukoma?"

Gunnvor alimweleza juu ya sheria, na kwamba kosa lilikuwa la Oddvar tangu asubuhi, kabla gari halijawashwa. Jorunn alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama anaweza kwenda kulala.

Oddvar alikatwa ncha za vidole viwili vilivyoganda, akapewa onyo alilostahili. Jorunn hakupanda tena gari la mfanyakazi yeyote, hakumweleza yeyote shida zake, na kabla ya kiangazi aliomba kuhamishwa, akahamishwa.