Serikali Haipewi Mkono wa Kushoto

Mama Ajwang wa Manyatta ana miaka sabini na minne, na thelathini kati ya hiyo ameimaliza akikaanga mgongo wazi. Asiyeijua Kisumu aelezwe: viwanda hukata minofu ya mbuta na kuipeleka ng'ambo, kisha mifupa inayobaki, pamoja na kichwa na nyama kidogo iliyong'ang'ania, huuziwa akina mama kama yeye. Wao huipasua, huisugua kwa chumvi na kuikaanga hadi mtaa mzima unukie. "Wazungu wanakula minofu, sisi tunakula utamu," Ajwang husema, na sufuria yake haijawahi kulala na kitu.

Miaka minne iliyopita jina lake liliingia kwenye orodha ya pesa za wazee. Mwanzoni alizibeza. Alimwambia naibu wa chifu kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, halafu akatia sahihi, maana serikali si nduguye. Pesa zenyewe zina tabia za jamaa wa mbali: hukaa kimya miezi, kisha zinabisha hodi zote kwa mpigo. Lakini zikija, Ajwang hununua dawa zake za presha bila kumwomba mtu yeyote, na huko kutoomba ni kutamu kuliko chochote alichowahi kukaanga. Ni kweli zilimletea pia binamu kutoka Maseno, ambaye hakuonekana hata siku ya kumzika mumewe, lakini sasa hapitwi na mwezi bila kuja kumjulia hali.

Mwaka huu likaja tangazo: kila mzee aandikishwe upya, kwa kidole, kwenye mashine, kabla ya mwezi kwisha. Asiyesomeka, jina linatolewa. Ajwang akavaa gauni lake la kanisani, akaenda kwa Walter, kijana mwenye kibanda cha wakala wa benki pale kona. Akaweka kidole gumba cha kulia. Mashine ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Vyote vitano vikarudishwa.

"Mama, hizi vidole hazina alama," Walter akasema. "Ni kama umepiga pasi."

"Alama imeenda na samaki, nyathina. Mwanangu, miaka thelathini si mchezo."

"Basi jaribu mkono ya kushoto."

Ajwang akamkazia macho kana kwamba ametukaniwa mama. "Kushoto? Mimi nipatie serikali kitu na mkono wa kushoto? Walter, wewe ulilelewa na nani?"

Walter akainua mikono. Akamwambia kuna njia mbili. Aache samaki wiki mbili, apake mafuta, labda ngozi itarudi. Ama aandikishe mtu wa nyumbani atakayeweka kidole na kupokea pesa kwa niaba yake.

"Mimi niko, Mama," akasema Lornah, mke wa kitinda mimba wake, ambaye alikuwa amemsindikiza. Kwa maoni ya Ajwang, aliitikia upesi mno. Jirani yao, Mzee Enos, aliandikisha mpwa wake. Siku ya malipo Enos huletewa mkate na soda, na kuambiwa serikali imepunguza. Kikulacho ki nguoni mwako, Ajwang akajisemea, akachagua kupumzika.

Kupumzika gani huko! Lornah alibeba kisu na karai akaenda sokoni badala yake. Ajwang akabaki mlangoni na mikono inayong'aa mafuta ya mgando, akigombana na kuku wa watu na kuwauliza wapita njia kama chumvi ya Lornah imekolea. Kila jioni Lornah alileta mauzo yamefungwa kwenye leso. Ajwang aliyapokea, akayaficha, wala hakusema asante. Kufika siku ya kumi goti lilikuwa linamuuma, usingizi unamjia mchana. Hapo ndipo alipouona ubaya wa pesa za wazee: ili uzipate, ni sharti kwanza uzeeke kweli.

Siku ya mwisho wakarudi kibandani. Kidole gumba, ikakataa. Vyote vitano tena, ikakataa.

"Leo ndiyo deadline," Walter akasema. "Ni kushoto ama ni Lornah."

Lornah akafungua mkoba, akatoa kitambulisho chake. Ajwang akakiona. Alijiona akisimama mlangoni kwa mkazamwana kuomba za dawa. Akafumba macho. Akaushika mkono wa kushoto kwenye kiwiko kwa ule wa kulia, kama anayempa mkubwa wake kitu kwa heshima, akakitanguliza kidole cha mwisho, kile kinachokaa pembeni kila anaposhika mfupa.

"Serikali inisamehe," akanong'ona.

Mashine ikalia, taa ikawaka kijani. Ajwang akapiga vigelegele hadi wateja wa kinyozi wa jirani wakatoka na nywele nusu. Akacheza. Akamkumbatia Walter juu ya meza.

"Na una bahati, Mama," Walter akasema akicheka, akionyesha mkono wa Lornah ulioshika kitambulisho. "Huyu pia mashine ingemkataa. Si uone hizo vidole!"

Ajwang akaangalia, kwa mara ya kwanza tangu wiki mbili zile zianze. Ncha za vidole zilikuwa zimechanwachanwa na mifupa, gumba limefungwa kitambaa, ngozi imebambuka kwa chumvi. Kicheko kikamkauka.

"Mbona hukuniambia unaumia?"

"Ningesema nini, Mama?" Lornah akarudisha kitambulisho mkobani polepole, kwa sababu zipu ilikuwa inamuumiza. "Ungedhani nataka uniandikishe."

Na kweli, ndivyo hasa Ajwang angedhani.