Ukuta wa Baba na Mashine ya Kuoshea Magari

Niseme mapema ili mtu asije kushangaa: bado nina hasira. Watu wa nyumbani wananiambia yameisha, tusonge mbele. Yameisha kwa nani? Kwangu hayajaisha.

Kazi yangu ni kuosha nyumba kwa nje. Sisemi kudeki sakafu, nasema kuta. Ukiishi Ifakara utajua kwa nini kuna mtu wa kazi hiyo. Unyevu wa bonde hili hauna huruma. Masika yakikaa miezi yake, ukuta wa nyumba nzuri kabisa unaota kijani chini ya madirisha na weusi chini ya paa, na kule chini tope linarukia mpaka usawa wa goti. Na watu wetu wakiona hivyo wanafanya nini? Wananunua rangi wanapaka juu ya kuvu! Yaani uchafu unavishwa nguo mpya. Mvua zikirudi rangi inabanduka vipande vipande, mwenye nyumba anamtukana muuza rangi. Jamani, muuza rangi kakukosea nini?

Mimi nilijifunza kwa kufanya. Kuvu haitaki nguvu, inataka dawa. Unachanganya klorini ya maji na sabuni, unapulizia taratibu kuanzia chini kwenda juu ili isiache michirizi, unaiacha ifanye kazi mpaka kijani kigeuke kahawia, halafu unasuuza kwa maji ya kawaida. Mimea iliyo karibu unaimwagia maji kwanza na kuifunika. Basi. Hakuna kusugua kwa brashi ya chuma, hakuna kupiga ukuta kama mwizi.

Shida yangu ilikuwa kifaa. Kila niliyemuuliza pale mtaani Mlabani alinijibu neno moja: mashine ya presha, ile ya kuoshea magari. Hata fundi mmoja wa umeme, ambaye sikumuuliza, alinisimamisha njiani kunieleza kwamba bila mashine hiyo hakuna mteja atakayeniheshimu. Bei yake ningeweza kuuza kitanda na kabati na bado isifike. Halafu inataka jenereta, na jenereta inataka petroli. Na ukuta wenyewe hauitaki! Lakini nani anamsikiliza mwanamke mwenye ndoo?

Nikaenda duka la pembejeo. Macho yangu yalikuwa kwenye bomba la mgongoni, lile la wakulima wa mpunga, unalibeba kama begi, mkono mmoja unapampu na mwingine umeshika fimbo ya kupulizia. Ni la plastiki, jepesi, vipuri vyake viko kila mahali, na likiharibika fundi baiskeli analitengeneza. Muuzaji akaniuliza shamba langu liko wapi. Nikamwambia shamba langu ni ukuta. Akacheka mpaka akamwita mwenzake kutoka stoo aje anione. Nikasimama pale nikisubiri wamalize kucheka, kwa sababu hela yangu ilikuwa halali kama ya mtu mwingine.

Alipoona sicheki, akaniletea lililotumika, akasema hili nitakupunguzia. Nikafungua mfuniko nikanusa. Dawa ya magugu! Inanuka mpaka machozi. Nikamwambia, kaka, hili nikipulizia ukutani maji yakashuka kwenye bustani ya mtu, mchicha wote utakufa. Akasema ameshalisuuza mara tatu. Nikamwambia basi jaza maji unywe, ukimaliza nalinunua. Hakunywa. Nikachukua jipya, lenye fimbo ya plastiki na si ya shaba, maana klorini inakula shaba. Nikamlazimisha anipe na mipira midogo ya ndani ya akiba, kwa sababu hiyo nayo inaliwa. Nozeli, kile kichwa cha kutolea maji, nikachagua inayotoa maji bapa, kama feni, isiyochoma sehemu moja. Fimbo ya kufikia juu nilijitengenezea kwa mwanzi. Vifaa vyangu vyote vilikuwa hivyo, na mpaka leo sijaongeza.

Mteja wangu wa kwanza, mwenye gesti, aliponiona na bomba mgongoni aliuliza kama namwona yeye magugu, akataka nikodi mashine ya presha, nikamkatalia. Jioni yake alikuwa anazunguka nyumba yake mwenyewe kama mgeni, anagusa ukuta kwa kidole. Huyo ndiye aliyenitangaza.

Sasa, mama yangu. Mama alikuwa anaishi Mang'ula, peke yake, katika nyumba aliyojenga marehemu baba. Kule chini ya milima ya Udzungwa mvua ni nyingi kuliko kwetu, na ukuta wa mbele ulikuwa umegeuka kijani kabisa. Kaka yangu mkubwa, anayekaa Morogoro, alikuja kuuona akashika kichwa. Akaanza kupiga simu kwa ukoo mzima: nyumba imeoza, mama atakufa kwa kifua, lazima ahamie kwake mjini. Kikao cha familia kikapangwa Jumamosi.

Mama hakutaka kwenda. Alinipigia simu siku hiyo hiyo. "Mwanangu," akasema, "wanasema nyumba imeoza. Mimi naona ni uchafu tu. Si unaoshwa?"

"Unaoshwa, mama."

"Basi njoo uuoshe kabla hawajaja. Wakiukuta mweupe hawatakuwa na la kusema."

Alikuwa na kuku wake, bustani yake, na kaburi la mume wake nyuma ya migomba. Ataenda Morogoro kukaa kwenye kochi afanye nini? Nilimwambia aniachie mimi.

Nikafika Ijumaa asubuhi na bomba langu. Nilianza na upande linakozama jua, ulioota kuvu zaidi. Na hapa lazima nieleze nyumba ile, maana ndipo penye uchungu wangu wote. Ukiitazama utasema ni nyumba ya saruji. Si kweli. Baba alichoma tofali mwenyewe, na tofali zile alizijenga kwa udongo, kama wengi walivyojenga enzi zile, kwa sababu saruji ilikuwa ya kupigia lipu tu, nyembamba, juu juu. Ndani ya ukuta kilichoshika tofali ni tope lililokauka. Likibaki kavu, nyumba inasimama hata miaka mia. Likipata maji, limerudi kuwa tope.

Na nani alilikanyaga tope lile? Kaka yangu! Nakumbuka vizuri, yeye kijana, suruali imekunjwa mpaka mapajani, anakanyaga udongo shimoni kutwa nzima, mimi mdogo nabeba maji kwa kopo nammiminia miguuni. Alikuwa anajivunia. Alikuwa anawaonyesha wenzake, akisema ukuta huu nimeukanyaga mimi.

Ijumaa ile ukuta mmoja ulitakata ukawa kama siku ulipopakwa chokaa. Mama alikaa kwenye kigoda anautazama tu. Mchana mvua ikanyesha, ikaniharibia dawa, ikabidi ukuta wa mbele niuache mpaka kesho yake asubuhi. Sikuona shida. Kikao kilikuwa saa sita.

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, bado nachanganya dawa, nasikia gari. Kaka anashuka kwenye pikapu, na nyuma ya pikapu kuna nini? Jenereta, pipa la maji, na mashine ya kuoshea magari. Ameikodi njiani. Na baba mdogo yuko naye, ametoka Masagati jana yake, na wazee wengine wawili wa ukoo.

Nikawapigia magoti wote. Shikamoo. Marahaba. Kaka akatazama ukuta niliousafisha, akatazama wa mbele, akasema kwa sauti ya kusikika, "Siku nzima umemaliza upande mmoja? Na hicho kibomba cha kupulizia wadudu?"

Nikamwambia, kaka, ukuta huu una udongo ndani, hautaki presha.

"Nani kasema? Hii ni saruji."

"Kaka, uliukanyaga mwenyewe."

Akanikata jicho. Sijui kama alikuwa amesahau au hakutaka wale wazee wamkumbuke akiwa na tope mpaka mapajani. "Mimi na wewe nani mkubwa?" akaniuliza.

Kwetu baba akifa, mkubwa ndiye baba. Humbishii mbele ya wazee, hata akisema jua limezama na wewe linakuunguza utosi. Nililelewa hivyo, na mama alikuwa amesimama mlangoni. Kaka akaninyooshea mkono. "Washa hiyo. Shika mpira."

Nikawasha. Mimi! Mimi niliyemkatalia mwenye gesti, niliyemkatalia katekista aliyetaka kanisa lioshwe kwa presha, niliyemwambia muuza duka anywe dawa ya magugu, nikavuta kamba ya jenereta kwa mkono wangu mwenyewe, nikafungua maji, nikashika mpira nyuma yake ili usijikunje. Haki ya Mungu!

Mwanzoni ilikuwa kama maajabu. Kijani kiliruka, weupe ukatokea, wale wazee wakasema ahaa. Kaka akageuka akaniangalia kwa majivuno. Kisha akafika kwenye kona ya dirisha la chumba cha mama, palipokuwa na ufa mdogo kwenye lipu, na akakaza maji hapo hapo. Nikapiga kelele, "Kaka, ondoa hapo!" Jenereta inanguruma, hasikii, au anasikia. Lipu ikavimba. Ikadondoka bamba zima. Maji yakaingia nyuma yake na tope likaanza kutoka, jekundu, linachuruzika kama uji. Tofali moja likatoka. Halafu matatu kwa pamoja. Nikauacha mpira nikazima jenereta, lakini kona ilikuwa imeshashuka, na kupitia tundu lile sote tulikiona kitanda cha mama, na chandarua chake, na kanga aliyolalia, vyote vimelowa.

Na unajua kaka yangu alifanya nini? Aliomba radhi? Thubutu! Aligeuka kwa wazee, bado ameshika fimbo ya mashine mkononi, akasema, "Mnaona? Si niliwaambia? Mnaona hali ya nyumba hii?"

Na wakatikisa vichwa! Watu wazima na mvi zao, wameshuhudia kwa macho yao, wanatikisa vichwa kuusikitikia ukuta, kana kwamba umejibomoa kwa tabia yake mbaya.

Kikao hakikungoja saa sita. Tulikaa pale pale uani, tope bado linatiririka. Kaka akazungumza sana. Usalama, afya, majirani watasemaje. Baba mdogo akasema kweli ni hatari, mama asilale hapo tena. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono juu ya magoti. Walipomaliza akainua uso.

"Mimi si msomi," akasema. "Lakini nina mtoto hapa ambaye kazi yake ni kuta. Watu wanamlipa kwa hiyo kazi. Namuuliza yeye." Akanigeukia. "Mwanangu, ukuta huu ulikuwa mbovu, au umeharibiwa leo?"

Kaka akaangalia chini. Hakunitisha, hakunikonyeza, alitazama viatu vyake tu. Jibu nilikuwa nalo. Kona ile tungeijenga upya kwa siku mbili, udongo ulikuwepo, tofali zilikuwepo, mimi nipo. Neno moja lilitosha na mama angelala nyumbani kwake.

Lakini wale wazee walikuwa wananitazama, na nyuma yao majirani waliokuja kwa kelele, na mikono yangu ilikuwa bado imelowa. Niliona habari inavyofika Ifakara kabla yangu: yule muosha nyumba kabomoa nyumba ya baba yake. Nikisema umeharibiwa, wataniuliza nani aliwasha mashine. Nani alifungua maji. Nani alishika mpira.

Nikasema, "Ulikuwa umeshachoka, mama."

Mama alinitazama kidogo. Hakukasirika, na hilo ndilo siwezi kulimeza. "Haya," akasema. "Nilikuwa nasubiri neno lako tu." Akanyanyuka, akaingia ndani, akaanza kukunja nguo zake.

Leo anakaa Morogoro, kwenye kochi. Nikimpigia simu anauliza hali ya kazi, anafurahi nikipata wateja. Kaka yangu sijamsamehe na sijui kama nitamsamehe. Ila yeye hakuulizwa. Niliulizwa mimi.