Plastiki ya Mabango

Kama hujawahi kumwona mtu mzima akiruka ua wa nyumba yake mwenyewe ili asipite mbele ya muuza nyanya, basi hukumwona Bwana Kesho siku zile.

Jina la Kesho alipewa na mtaa. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha, na tusimwonee, mkono wake ulikuwa mzuri. Geti alilofunga yeye mwizi alilipita kwa heshima. Lakini uani kwake, chini ya kibanda cha mabati, alikuwa akiunda gari. La kwake mwenyewe, la mabomba na mabati, na injini aliyoitoa kwenye gari lililokufa la mtu mwingine. Ukimwuliza litatoka lini, jibu ni hilo hilo: "Kesho." Mtoto wake wa mwisho alizaliwa, akaota meno, akaanza shule, gari likawa bado ni la kesho. Mtaa ulicheka, yeye naye alicheka, maana kuchekwa kwa kitu unachokipenda hakuumi sana.

Sasa, mkewe alikuwa na kaka, fundi vioo, mwenye karakana pale kona mtaa unapoingia barabara kubwa. Mtu mpole, wa maneno machache, vidole vimejaa makovu madogo ya kazi. Siku Bwana Kesho alipotaka kuanza sehemu ya mbele ya gari, shemeji huyu alisimama uani na kikombe cha chai, akamweleza kama anavyoelezwa mtu unayempenda.

"Shemeji, tafuta kioo kwanza, fremu ifuate kioo. Cha mbele ni kile cha tabaka mbili chenye utando katikati. Kikipigwa jiwe kinapasuka, lakini hakikumwagikii usoni. Kikiwa bapa nitakukatia mwenyewe. Kilichopinda sikiwezi, hicho hutoka kiwandani kimeshapindwa. Ukitaka cha kupinda, nenda kwenye magari mabovu, ukitoe kizima, uje uipime fremu yako juu yake."

"Na kile cha milangoni, kinachomwagika chenga chenga?"

"Hicho hakikatiki. Ukikigusa tu na kisu kimekuwa chumvi. Na plastiki usiniletee kabisa. Waipa itaichuna, jua litaichosha, utakuwa unaendesha gari ndani ya ukungu."

"Ndiyo, ndiyo," akaitikia Bwana Kesho. Kisha akafanya lake. Fundi chuma huanza na chuma, ndivyo alivyolelewa. Alilikunja bomba kwa kulizungushia pipa la maji, taratibu, akapata upinde mmoja mtamu ajabu, akauchomelea. Watu wakaja kuutazama. "Hili ni gari," akawaambia, "si sanduku la biskuti." Akajisifu mpaka wasiouliza wakasikia.

Haya, akaenda kwenye magari mabovu kutafuta kioo cha kuuvaa upinde ule. Hiki kifupi. Hiki kipana. Kingine kiligusa pembe zote mbili vizuri, halafu katikati kikaacha nafasi ya kupita paka. Dawa yake ilikuwa moja tu na aliijua: ashike grainda, auondoe upinde, aweke fremu bapa, amwite shemeji. Kazi ya nusu siku! Lakini aukate upinde ambao mtaa mzima umeusifia? Amwendee shemeji aseme, ulisema kweli? Jamani, kiburi ni mgonjwa asiyekubali dawa. Akaenda kwa mtengeneza mabango ya maduka, akachukua plastiki ile inayong'aa, akaipasha moto, akailaza juu ya upinde. Ikalala vizuri. Ukiitazama ungesema ni kioo hasa.

Mkewe alikuwa na neno moja. Mama yake mzazi alikuja kukaa nao, na alitaka kupelekwa kwa dada yake aliyekuwa mgonjwa, na safari hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza ya gari. Jioni moja, anaosha vyombo, akasema bila kugeuka:

"Baba, mambo ya chuma mimi siyajui. Nakuuliza moja tu. Hicho kioo, kaka yangu amekiona?"

"Amekiona."

"Amesemaje?"

"Amesema kinafaa."

Basi. Maneno mawili matatu, yakatoka laini kama salamu. Shemeji alikuwa hajakitia machoni.

Ikaja siku ya rangi. Vumbi la rangi likatua kwenye plastiki, vidoa vidoa. Fundi chuma hufuta rangi kwa kitu gani? Mikono kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, brashi kwa thina, suruali kwa thina. Bwana Kesho akalowesha kitambaa, akafuta na hicho kioo chake kwa thina. Vidoa vikatoka, lakini plastiki ikabaki na utusitusi, kama miwani iliyopuliziwa pumzi. Akaitazama pale kivulini, akajiambia ni vumbi.

Asubuhi ya safari mtaa ulitoka wote. Mama mkwe akaketi mbele, kanga mpya, mkoba mapajani, amenyooka kama bibi harusi. Mke nyuma. "Kesho imefika!" watu wakapiga kelele, na Bwana Kesho akapunga mkono. Wakaenda vizuri hadi pale kona. Akakata kushoto, na jua la asubuhi likampiga usoni.

Plastiki yote ikawa maziwa. Hakuona barabara, hakuona watu, hakuona hata pua ya gari. Akawasha waipa; ikasugua vumbi kwa vumbi, ikazidisha. Akakanyaga breki, tairi likapanda ukingo, kisha kishindo.

Aliposhuka alikuta meza ya nyanya iko chali. Muuza nyanya alikuwa amesimama hatua chache pembeni na ndoo ya maji mkononi. Hakuzitazama nyanya zake. Alikuwa anatazama chini ya tairi la mbele, kilipokuwa kigoda chake, kimevunjika vipande.

"Nilikuwa nimekaa hapo," akasema. "Sasa hivi tu."

Mama mkwe alishuka na nundu kwenye paji la uso. Watu walishajaa. Shemeji alikuja mbio kutoka karakana yake, akamshika mama yake, akamkagua, kisha akageuka akaiona ile plastiki. Akaigusa kwa kidole kimoja.

"Ndiyo kazi yako hii?" mama akamfokea. "Dada yako ananiambia wewe ndiye uliyesema kinafaa! Fundi mzima, unatuweka ndani ya kitu usichokijua? Nani atakupa gari lake sasa, we mtoto?"

Shemeji akamtazama Bwana Kesho. Akamtazama dada yake, aliyekuwa anamkazia macho ya hasira. Angesema neno moja tu, Bwana Kesho angevuliwa nguo mbele ya mkwewe na mtaa mzima.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nilikosea."

Na Bwana Kesho? Alinyamaza. Akajiambia, watu wakitawanyika nitasema. Walipotawanyika akajiambia, jioni. Jioni akasema, kesho.

Alimtengenezea muuza nyanya meza mpya ya chuma, akaiacha mlangoni kwa huyo mama kabla hajaamka, akakimbia kama mwizi. Zile kesho zikaendelea, na kila alipotoka akaruka ua asipite mbele yake. Nyumbani, mkewe alikuwa hamtaki kaka yake hata kwa salamu. "Angeniulia mama," alisema, na Bwana Kesho akaisogeza sahani pembeni. Kulala halali, kula hali, na wema wa shemeji yake unamtafuna kuliko tusi.

Siku moja alipita karibu na karakana ile, amejibanza, akamsikia dereva mmoja mlangoni. "Samahani, fundi, kioo changu nakichukua. Wanasema wewe ndiye unayepitisha plastiki." Shemeji hakubisha. Alimsaidia kukibeba, akakifunga kwa blanketi kisigongwe njiani. Kisha akaingia ndani, akaanza kufagia sakafu ambayo ilikuwa safi.

Bwana Kesho alirudi nyumbani moja kwa moja. Alimkuta mkewe na mama mkwe wamekaa barazani. Aibu ya kusema na mkwe aliijua, lakini alipiga magoti.

"Hakukiona," akasema. "Kaka yako hakukiona kioo. Alinikataza plastiki tangu mwanzo. Nilikudanganya, kisha nikamwacha atukanwe."

Mkewe aliinuka akaingia ndani. Hilo lilimuuma kuliko kofi. Mama mkwe alipapasa paji la uso mahali nundu ilipokuwa.

"Mwanangu nilimfokea wapi?" akauliza.

"Pale kona, mama."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi mimi kunipigia magoti hapa hakunisaidii. Kamsafishe pale pale."

Akaenda kwa miguu, barabarani katikati, si kwa kuruka ua. Mama mkwe nyuma yake, na alipogeuka akamwona na mkewe anafuata, macho mekundu. Pale kona kulikuwa na wateja, madereva, waliosimama tu. Muuza nyanya alikuwa nyuma ya meza ya chuma, juu ya kigoda kipya. Shemeji alitokea mlangoni kwake, na alipoona wamejipanga vile akaanza kutikisa kichwa, kumzuia.

Bwana Kesho akaikunja kofia yake mikononi. "Ile plastiki niliiweka mimi," akasema. "Shemeji yangu alinikataza. Sikumwonyesha. Nilisingizia kwamba ameikubali, akabeba aibu yangu. Huyu mama wa nyanya nusura nimuue, na kosa ni langu peke yangu."

Watu wakatazamana. Muuza nyanya akaiweka chini nyanya aliyokuwa anaifuta.

"Umesema kwa sauti ndogo," akamwambia. "Wale wa ng'ambo ya barabara hawajasikia. Na siku ile walikuwepo."

Bwana Kesho akageuka, akatazama ng'ambo, akavuta pumzi, akaanza upya.