Nyanya Zisizo na Tope

Wateja walimpa jina la Bado Msimu, naye hakulikataa. Aliyeulizia embe kabla ya wakati wake alijibiwa hivyo hivyo, bado msimu, na kama ana haraka aende duka la barabara kuu, wana maembe yaliyolala kwenye barafu muda mrefu kuliko samaki. Genge lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, na humo aliuza kilichotoka mashamba ya nyuma ya mji tu. Msimu wa maboga mtaa mzima ulikula maboga mpaka watoto wakanuna. Lakini watu walirudi, kwa sababu mboga zake zilikuwa na ladha, na kwa sababu aliwaambia nani kazilima.

Mara nyingi alizilima wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa. Walitaniana tangu siku ya harusi. Yeye alimwita wifi mwizi wa kaka za watu; wifi akamjibu kwamba kaka mwenyewe alitolewa bure, na hajarudishwa kwa huruma tu.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Wakulima wengine wote walileta pole badala ya nyanya. Ukungu ulikuwa umezimaliza. Wifi akaleta matenga mawili. Nyanya nyekundu, ngumu, zimelingana kama vifungo vya shati. Bado Msimu alifurahi, mpaka alipotazama matenga yenyewe. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na njia ya shambani ilikuwa uji mtupu, lakini matenga hayakuwa na tope hata la kupaka kucha. Alipouliza, wifi alisema ameyafunika kwa nailoni. Jibu lilikuja upesi mno.

Tangu hapo moyo haukutulia. Alikata nyanya moja, akaikuta ndani nyeupe, kama zile zinazochumwa mbichi ili zisafiri mbali. Akampigia kaka yake simu kuulizia shamba. Kaka akasema linaendelea vizuri, kisha akauliza habari za watoto. Mtu yule yule ambaye angeongelea mbolea mpaka simu ikaisha chaji. Bado Msimu akaanza kuwaza mabaya: labda kuna dereva wa lori anayempa wifi nyanya, na si nyanya tu. Mumewe akamwambia aache kumchunguza wifi yake kama askari. Mdomo aliufunga. Wateja walizisifu zile nyanya kwa kukaa muda mrefu bila kuoza, na kila sifa ilimchoma.

Jumapili moja akaenda shambani bila kutoa taarifa. Kutoka mbali aliona moshi, mzito kuliko wa jikoni. Palipokuwa na nyanya palikuwa na mashimo yaliyojaa maji, na kando yake tanuri la matofali. Wanaume wawili walikuwa wakipakia lori. Kaka yake alisimama alipomwona, kisha akakaa tena juu ya matofali.

"Udongo wetu mzuri," alisema. "Wanasema haupasuki."

Hasara ya mwaka uliopita ilimkatisha tamaa, akawaachia wafyatua matofali wachimbe. Kilichobaki ni kipande cha bondeni. Mkewe alipinga, akashindwa, kisha akaombwa afiche. Ndiyo maana alikuwa akiamkia soko la jumla kununua nyanya zilizotoka mbali kwa malori.

Wifi alitoka ndani akifuta mikono.

"Ungeniambia," Bado Msimu alisema.

"Nikuambie kaka yako amekula shamba? Wewe kila siku unawatangazia watu, hizi ni za wifi yangu. Niliona aibu kukuumbua, nikazidi kukufanya mwongo."

Asubuhi iliyofuata Bado Msimu aliwaambia wateja mmoja mmoja kwamba zile nyanya hazikuwa za wifi yake. Wengine walicheka, wengine wakahamia barabara kuu. Fundi viatu wa jirani, mteja wa miaka mingi, aliuliza, "Na mchicha je?" Kesho yake akauliza bamia zimetoka wapi. Bado Msimu alimjibu bila kukasirika, ila usiku ule alimwambia mumewe kwamba sasa anajua inavyokuwa kutazamwa vile.

Alimwomba wifi amletee cha bondeni tu, hata kiwe kidogo. Wifi akapanda matembele, akawavuta na majirani wawili waliokuwa wakikosa pa kuuzia yao. Genge likauza majani matupu mpaka mvua zilipokatika. Fundi viatu akaomba apelekwe bondeni ajionee. Akapelekwa, akachuma mwenyewe, akarudi na fungu lake.

Kaka hakukanyaga mjini kwa miezi kadhaa. Wachimbaji walipoondoka, alimtuma mkewe amwombee mbegu gengeni. Bado Msimu akasema aje mwenyewe. Akaja, akasimama mlangoni nyuma ya wateja. Dada yake aliwahudumia wote kwanza, hata aliyefika baada yake, kisha akamuuliza anataka nini.

"Mbegu za maboga, mdogo wangu."

"Utapanda wapi?"

"Kwenye kingo za mashimo. Boga halichagui."

Dada hakumwamini. Alimfungia mbegu kwenye gazeti, akamwambia mwezi ujao atakwenda kuziona zilipoota.