Nyongeza ya Bibi Mwamvua

Mama yangu, Mwamvua, alikuja kwangu Ipagala kwa siku nne, akakaa miezi miwili na nusu. Alikuja kumwona mjukuu wake Rukia, mwenye miaka saba, aliyeanguka kwenye mpera wa jirani akavunjika mguu. Alipokuta mtoto amefungwa plasta ngumu na mimi naondoka alfajiri kwenda ofisini Mtumba, alishusha gunia lake la karanga akauliza atalala wapi. Sikumuuliza anarudi lini kijijini kwetu Kolo.

Kilichonikosesha raha kilikuwa shule. Mwalimu Evelina, anayefundisha darasa la kwanza, hakunificha: Rukia akirudi atapewa mtihani wake peke yake, na asipofaulu atarudia darasa huku wenzake wakipanda la pili. Rukia aliposikia hayo alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Mwalimu wa kuja nyumbani sikumpata. Mama akasema atamfundisha yeye. Mama aliishia darasa la nne, lakini nilikubali kwa sababu sikuwa na mwingine.

Darasa lao lilikuwa genge. Mama hawezi kukaa bila kuuza kitu. Wiki ya kwanza tu alishaweka meza mbele ya geti, karanga huku, choroko kule, maharage katikati, na Rukia kwenye kigoda, mguu juu ya debe lililopinduliwa. Kusoma walisoma magazeti ya kufungia karanga. Mwanangu akajua habari zote za Bunge la mwaka juzi, ila mwisho wake hakuujua, maana ulikuwa umeshaondoka na mteja. Sayansi ilikuwa kuotesha maharage kwenye kopo na kuchambua choroko zilizobunguliwa. Jiografia ilikuwa magunia: hili la Kibaigwa, lile la Mpwapwa. Kiingereza Mama hakijui hata cha kuombea maji, kwa hiyo aliwabana wanafunzi wa chuo waliokuja kununua: hupati nyongeza mpaka umwachie mtoto neno moja. Walitoa bila ubishi.

Nyongeza ndiyo heshima ya Mama. Ukinunua makopo matatu, anachota konzi moja zaidi anakutilia. Kwetu Kolo, muuzaji asiyeongeza hasalimiwi vizuri.

Ijumaa, mtihani ukiwa Jumatatu, nilirudi mapema nikafungua daftari la hesabu. 3 + 2 = 6. 4 + 4 = 9. 5 + 1 = 7. Kurasa kumi na nne, na kila jibu Mama kalipigia tiki kubwa. Za kutoa zote zilikuwa sahihi. Nikamuuliza Rukia tatu na mbili ni ngapi.

"Tano," akasema. "Na ya nyongeza, sita."

Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu. Kosa kwenye karatasi hunipandisha joto. Nilimfokea mama yangu mzazi, mbele ya mtoto, jambo ambalo sikuwahi kulifanya na silionei fahari. Nilimwambia ameniharibia mwanangu. Alinisikiliza huku akiendelea kupepeta, kisha akauliza tangu lini nimeanza kuwapimia watu bila kuwaongeza, kama mchoyo. Nikaingia ndani nikabamiza mlango.

Dirishani nilimwona akijaza kopo choroko. Akalifuta juu kwa kiganja mpaka likawa sawa, akalimimina kwenye mfuko.

"Hiki ni kipimo," alimwambia Rukia. "Kipimo ni haki ya mtu. Hakizidi wala hakipungui. Umeona?"

"Nimeona, Bibi."

"Ukishampa haki yake yote, ndipo unampa ya moyo wako. Hiyo iweke pembeni, usiichanganye."

Walirudia Jumamosi nzima na Jumapili. Kila mteja alihesabiwa kopo kwa kopo kwa sauti ya juu, na nyongeza ikafuata kimyakimya baada ya jumla. Mimi bado nilikuwa nimenuna. Nilimwandalia mtoto hesabu hamsini za kwangu, akasinzia kwenye ya tisa.

Jumatatu Rukia aliingia darasani na magongo yake, nami nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu. Kusoma alisoma vizuri, niliambiwa baadaye, ingawa alishangaa kuona habari imefika mwisho. Kisha Mwalimu Evelina akatoka na karatasi ya hesabu. Nilisimama, nikaisoma mikononi mwake kabla hajanipa.

Maswali yalikuwa kumi, na yote kumi alipata. Chini yake, kwa mwandiko uleule wa kulala ubavu, palikuwa na swali la kumi na moja ambalo hakuna aliyemuuliza. 3 + 2 = 5.

Mwalimu hakuliwekea tiki. Pembeni yake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Asante.

Nilimpelekea Mama ile karatasi gengeni, nikamwomba radhi palepale mbele ya wateja. Alilisoma lile neno jekundu mara mbili, akanirudishia karatasi, akachukua mfuko mtupu. Akauliza Mwalimu Evelina anapenda karanga au choroko.