Banda na Panda

Kiiii-krrr, kiiii-krrr. Ndivyo lilivyolia gurudumu la chuma la bwawa la juu mlango wake ulipofunguliwa, na mpaka leo nikisikia bawaba kavu inalia, miguu yangu inataka kukimbilia mlimani. Tulilelewa hivyo watoto wote wa kambi. Gurudumu likilia, toka majini, shika njia ya juu, usiulize kitu.

Mabwawa yalikuwa matatu, moja juu ya lingine bondeni, na maji yalishuka kutoka hili kwenda lile mpaka la chini kabisa, ambako palikuwa na banda la pampu ya kupandisha maji kiwandani. Wakubwa waliyaita mabwawa. Mimi niliyaita maziwa yangu. Shule niliachia darasa la nne, lakini kabla sijatoka nilikuwa nimeiona ramani ukutani, na nilijua kwamba kijito kile kinaingia mtoni, na mto unakwenda mpaka Nyanza kwenye ziwa lenyewe. Basi kila nikifua nguo natupa jani la chai majini na kuliagiza: nisalimie watu wa huko, waambie nakuja. Mama alikuwa akinikuta nimesimama na shati la baba mkononi, povu limekauka. "Huyu ameshasafiri tena," anasema.

Samaki walikuwa na msimu wao. Baada ya Krismasi, jua likiwaka na maji yakipungua, meneja aliruhusu kambi ivue mpaka mvua ya masika ianze. Wanaume walikaa na ndoana wakingoja ngege, wale samaki wa magamba. Wanawake waliingia matopeni na vikapu vya chai vilivyochakaa, wakawazoa kambare pamoja na matope, kelele tupu. Sisi tulikuwa watu wa kuja. Baba na mama walikuwa wametoka kwenye vilima vya magharibi, ng'ambo ya Chepilat, wakafuata kazi ya kuchuma chai, na kwetu samaki ni mboga ya kufurahia. Majirani zetu wenyeji wengi hawakumgusa.

Mlinzi wa mlango wa bwawa la juu alikuwa mzee mwenyeji. Kibanda chake kilikuwa pale pale kando ya gurudumu, na mkewe, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani bibi, ndiye aliyetuuzia maziwa. Mzee alikuwa akipita tukivua anaziba pua kwa kofia.

"Nyinyi mnakula nyoka ya maji," anasema. "Haya, leo mmebata?"

"Bata hatuna, mzee!" tunamjibu. "Tuna samaki!"

Anacheka na sisi. Alijua tunachomchekea. Kwa ulimi wake p na b zilikuwa ndugu wa nyumba moja, hazina haja ya kubisha hodi. Mimi alikuwa akiniita *lakwet*, mtoto, hata nilipokuwa nimeanza kujiona msichana mkubwa.

Siku yenyewe ilianza na jua zuri. Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, hakwenda kuchuma kwa sababu mkono wake ulikuwa na jipu. Akachukua ndoana, akashuka peke yake bwawa la chini. Mimi nilitumwa maziwa kwa Kogo. Nilipofika, kule juu msituni kulikuwa kumekuwa kweusi kama sufuria, na mto ulioingia bwawa la juu ulikuwa tayari umebadilika rangi. Kumbe huko mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Halafu mvua ya mawe ikatufikia. Anayekaa nchi ya chai anaijua. Inapiga mabati mpaka mtu na mwenzake wanaongea kwa mikono, na majani ya chai yanabaki kama yametafunwa na mbuzi.

Mzee alitoka na gunia kichwani. Nilimwona anainama kwenye ukuta wa udongo wa bwawa, anagusa mahali ambapo maji yalikuwa yameanza kutoka kama jasho. Chini ya ukuta ule kulikuwa na kambi yetu yote. Akatazama bondeni, akamwona kaka yangu kando ya bwawa la chini. Akaviringisha mikono mdomoni.

"Banda!" akapiga kelele. "Banda! Banda!"

Nami nilikuwa mlangoni kwa Kogo na kibuyu mkononi. Niliuona mkono wake mmoja unaonyesha juu, juu mlimani, kwa nguvu, kama mtu anayerusha jiwe. Lakini kaka, kwa mawe yale, alikuwa amejifunika uso. Aliinua kichwa mara moja, akasikia, akainua mkono kuitikia. Kisha akakimbia, akaingia ndani ya banda la pampu, akafunga mlango.

Mzee alimwita tena. Akamwita mpaka sauti ikakatika. Kogo akatoka, akaweka kiganja kwenye ufa wa ukuta, akamtazama mumewe. Ndipo mzee akashika gurudumu, maji yapungue kabla ukuta haujaangukia kambi, analia na analizungusha. Sijawahi kumwona mwanamume mzima akilia hivyo, mdomo wazi.

Maji yalipita bwawa la kati bila kusimama. Lile banda sikuliona tena, niliona bati lake tu.

Kaka yangu hakufa. Alining'inia kwenye boriti, lakini mlango uliposukumwa ndani ulimbana mguu kwenye mashine ya pampu, ukavunjika mahali pawili. Walimbeba kwa magunia ya chai mpaka barabarani, gari la kiwanda likampeleka hospitali. Baba akaenda naye. Alipozinduka wakamwuliza: kwa nini uliingia humo? Akajibu ukweli wake. "Mzee aliniambia niingie bandani."

Neno hilo likafika kambini kabla ya baba.

Jamani, watu walewale waliokuwa wakichota maji pamoja! Jioni vijana wa kambi walikaa kwenye ngazi wananoa mapanga ya kupogolea chai, na hakuna chai iliyokuwa ikipogolewa. "Amemwita mtoto wetu ndani kama kambare kwenye kikapu, kisha akamfungulia maji," mmoja akasema. Mwingine: "Si wanasema tunamaliza ardhi yao? Wameanza kutupunguza." "Kibanda chake ni cha nyasi," akasema wa tatu, na wote wakaelewana. Upande wa pili, wana wa mzee walikuwa wamekuja kutoka Boito wakalala kwa baba yao, na hawakuja mikono mitupu.

Nilimfuata mama jikoni. Alikuwa amekaa mbele ya moto, hajaweka chochote juu yake.

"Mama, hakusema banda."

"Kaka yako alisikia kwa masikio yake."

"Hata mimi nilisikia banda. Lakini mkono ulikuwa juu. Alikuwa anasema panda. Mama, wewe humjui anavyosema 'mmebata'?"

Mama alinitazama kwa muda, kama amenikuta tena na shati lenye povu lililokauka. Kisha akasema, "Nenda ukalale." Sikujua kama amenisikia au ameniona naota tu.

Jumapili baada ya kanisa nyapara mkuu aliita watu wote uwanjani. Mzee alisimamishwa katikati, kofia mikononi, wanawe nyuma yake. Watu wa kambi walipiga kelele mpaka nyapara akapuliza filimbi. Ndipo mama akainuka. Walimnyamazia kwa sababu mtoto aliyeumia alikuwa wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Mvua ikianza, mahindi unafanya nini?"

Mzee hakuelewa. Akawatazama wanawe. "Mahindi? Nabanda, mama. Kama watu wote."

"Na ukitoka hapa kwenda kwako, kile kilima?"

"Nabanda kilima, nafika."

"Na pale penye pampu, panaitwaje?"

"Banda."

Niliona nyuso za watu zinabadilika, moja baada ya nyingine, kadiri neno lilivyowaingia. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Yesu wangu, hata mahindi yake yako bandani!" Watu wakacheka. Wakacheka mpaka wale vijana wa mapanga, mpaka mmoja wa wana wa mzee mwenyewe akafunika mdomo. Nyapara akasema maneno yasichukuliwe vibaya, watu waende kupika.

Kibanda hakikuchomwa. Nilitakiwa nifurahi, na nilifurahi, lakini nilikuwa namtazama mzee. Hakucheka kama alivyozoea kucheka nasi bwawani. Alikuwa akiigeuza kofia mikononi, midomo inacheza polepole, bila sauti. Nadhani alikuwa akilijaribu lile neno.

Kaka aliporudi na magongo yake, mzee na Kogo walikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Mzee alikaa kwenye kiti cha baba, muda mrefu, kikombe cha chai kinapoa. Alipoinuka alimshika kaka begani.

"Bole, kijana," akasema. "Bole sana."

Hakuna aliyecheka. Kaka alisema, "Asante, mzee. Nimeshapoa." Wiki hiyo hiyo mzee alirudisha ufunguo wa gurudumu ofisini, wakahamia Boito kwa wana wao. Kogo alinibusu viganja. Maziwa tukaanza kununua mbali.

Kiangazi kilichofuata walileta mlinzi mwingine, kijana mpole wa upande wa Litein, amekwisha jenga urafiki na kambi nzima. Banda la pampu lilikuwa limejengwa upya, pale pale. Meneja akaruhusu samaki, vikapu vikatoka, na kaka yangu akashuka kwa mguu wake uliopinda akakaa kando ya bwawa la chini. Yule kijana mlinzi akapita kwenye njia ya juu yetu, akapunga mkono.

"Vipi, mmebata?" akauliza.

Wenzangu wakacheka sana. Mimi nilitazama mlima, nikatazama banda.

Siku ya pili, watu wa kambi wakiwa bado wanapimiwa chai waliyochuma, nilichukua makaa yaliyozimika jikoni nikashuka peke yangu. Mlango wa banda ulikuwa wa mbao mpya, nyeupe. Nikachora mshale mmoja mkubwa, mnene, kutoka chini ya mlango kuelekea juu, na ncha yake nikaikoleza mpaka makaa yakaishia vidoleni.